Finjani ya Msabato

Finjani iligusa meza, kahawa ikiwa imo vilevile ilivyomiminwa, na wanaume saba wakasahau walichokuwa wakisema.

Hapo ndipo tulipomwacha Selipher Kerubo Jumamosi iliyopita: ameketi katika majlisi ya Sheikh Mutaib, baraza lake la kupokea wageni mjini Jeddah, na mkono wake wa kulia ndio kwanza unaachana na finjani ambayo hakuionja. Wiki nzima mmelalamika kwamba dada huyu amemharibia ndugu yake. Mna haraka. Mngekuwa wenye klabu za besiboli, msingekuwa nayo.

Aliyekosa gazeti la wiki jana, au aliyelifungia maandazi kabla ya kulisoma, mambo ni haya.

Jackton Ongaki, mdogo wake Selipher, ni mrushaji. Alijifunza kurusha shuleni huko Nyamira, kwa mwalimu wa kujitolea aliyetoka Japani na begi la glavu, na mkono wake ukamvusha bahari. Misimu mitatu ameirushia klabu ya Marijani ya Jeddah katika ligi ya Ghuba. Msimu uliopita peke yake aliwashindia mechi kumi na moja, wapigaji wa klabu nyingine wakibaki kupiga hewa na kutazama magongo yao kana kwamba magongo ndiyo yenye makosa.

Kisha mkataba ukaisha, akawa mchezaji huru.

Mchezaji huru. Lisikie neno lilivyo tamu. Lakini uhuru wa mgeni katika nchi hii una tarehe ya mwisho. Ikama ya Jackton, kibali chake cha kuishi hapa, inakwisha Alhamisi, na leo ni Jumanne. Bila klabu hana kafili, yaani mdhamini wa kisheria, bila kafili hana ikama, na bila ikama kinachobaki ni uwanja wa ndege. Binamu yao Elphas, karani wa bandarini, alikwisha kubandika karatasi za Mombasa kwenye masanduku mawili ya Jackton.

Klabu ziko sita. Wachezaji walioachwa huru ni thelathini na mmoja. Siku zilizopita tangu mikataba iishe ni sabini na moja. Waliopata mkataba ni sifuri.

Ukiuliza, unajibiwa kwamba soko limepoa. Kana kwamba soko ni uji. Kana kwamba hakuna mtu aliyeuondoa mekoni.

Jackton alikuwa na wakala, kijana wa Nairobi aitwaye Lewis, mvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Kila Ijumaa Lewis alituma ujumbe uleule: market iko slow, bro, tulia. Jackton akatulia. Akatulia mpaka akaanza kuota kutu. Ujumbe wa kumi ulipofika, Selipher alimpigia Lewis simu kutoka Riyadh akamwambia kwamba kutulia hata maiti anajua, na kutulia hakumlipi mtu. Siku hiyohiyo Lewis alifutwa kazi, na Jackton akapata wakala mpya asiye na miwani.

Huyo wakala mpya, Selipher mwenyewe, hajui hata nusu ya sheria za besiboli. Ni mfanyakazi wa nyumbani katika mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, mwaka wa tisa sasa. Lakini soko la watu analijua kama anavyolijua jiko lake.

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani ukiingia, mabibi wa Al-Naseem hunyang'anyana wafanyakazi. Msichana anayejua kukunja sambusa hupigiwa simu na nyumba tatu kwa siku moja. Idi ikipita, nyumba zilezile hukunja uso: hatuhitaji mtu, mambo ni magumu, labda mwakani. Hakuna aliyepungukiwa na kitu. Wanangoja tu msichana achoke, ajishushe mwenyewe. Na kila mwaka hutokea nyumba moja isiyoweza kungoja, labda binti amejifungua pacha, ikamchukua msichana kwa masharti ya msichana mwenyewe. Habari ikitoka asubuhi, kabla ya magharibi simu za mtaa mzima zinalia.

Kwa hiyo Jackton alipomweleza habari za wenye klabu, Selipher alicheka. Alisema besiboli ni Al-Naseem iliyovaa kofia. Kilichotakiwa ni nyumba moja tu ivunjike, imchukue mtu mmoja, na nyingine zitafuata.

Akaomba ruhusa ya siku nne, akapanda basi usiku kucha, akafika Jeddah miguu imevimba. Na bahati ikamkuta: Sheikh Mutaib, mwenye Marijani, alikuwa amemwalika Jackton kwenye majlisi ya klabu ili amuage. Kahawa, tende, kamera ya televisheni, na zawadi ya saa ya ukutani yenye nembo ya klabu.

Saa ya ukutani. Mtu wamemhesabia siku mpaka zimebaki mbili, halafu wanampa saa.

Sasa turudi kwenye meza.

“Dada, inua,” Jackton alinong'ona. “Jifanye unaonja tu. Wanatuangalia.”

Selipher naye alikuwa anaangalia. Alimwangalia Sheikh.

Sheikh Mutaib ni mtu wa mila. Husema hivyo mwenyewe, mara mbili kwa wiki, kwenye televisheni. Alizaliwa ghorofa ya nane, akasomea Ulaya, na jangwa alilijua kupitia kioo cha gari lenye kiyoyozi. Lakini katika majlisi ya klabu amejenga meko ya mawe, na ukutani ametundika madele arobaini ya shaba, birika za kahawa ambazo hazijawahi kuona moto. Mila kwake ni kama zulia: huchagua rangi, huuliza upana, huletewa.

Balaa yake ni kwamba leo walikuwapo watu ambao mila hawakuinunua. Kando yake waliketi wanaume wanne kutoka Najd, wakwe zake watarajiwa, waliokuja kumaliza maneno ya harusi ya binti yao na mwanawe Turki. Aliwakalisha humo makusudi, waone jinsi anavyowaheshimu hata wanaomwacha. Na kamera iwaone wakiona.

Mmoja wao, mnene, mwenye tasbihi ya kahawia, ndiye aliyetangulia kusema.

“Mgeni wako ameweka finjani, Abu Turki.”

Alisema polepole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba kamba ya kiatu imefunguka.

Katika watu wake, mgeni anayeweka finjani bila kuonja ana haja, na hatakunywa mpaka ajibiwe. Mwenye nyumba analijua hilo kuliko jina la mkewe. Kahawa ile ikipoa mbele ya mgeni, heshima ya nyumba imepoa nayo, na habari hufika kwa watu wa mgeni kabla ya mgeni mwenyewe.

Sheikh alitabasamu kwa meno bila macho. Kabla hajasema, Wael akaruka.

Wael ndiye meneja wa klabu, mtu wa kompyuta. Kompyuta yake ilimwambia kwamba mkono wa mrushaji ukivuka miaka thelathini huanza kuoza, na Jackton ana thelathini na mmoja. Mkono wenyewe hakuwahi kwenda kuutazama. Akawaeleza wakwe, kwa heshima nyingi, kwamba hapa hapana haja yoyote. Watu hawa ni Wasabato, kanisa lao linakataza kahawa. Jackton mwenyewe msimu wa kwanza aliikataa kambini. Mwanamke huyu ameiweka kwa sababu haruhusiwi kuinywa, na kwa kuwa ni mtumishi wa nyumba ya watu huko Riyadh, hakujua alichokifanya. Ni kosa, na dawa ya kosa ni kuomba radhi.

Kisha akamgeukia Selipher na kile Kiarabu cha kuongea na watumishi, maneno mawili mawili.

“Wewe, sema samahani. Halas, yaishe.”

Jackton alikwisha fungua mdomo. Ni mtu mwema, Jackton, na watu wema huomba radhi hata wakikanyagwa. Selipher akamkanyaga kweli, mguu wa kushoto, ule anaoutanguliza akirusha. Mdomo ukafumba.

“Sikukosea,” alisema Selipher.

Kilikuwa Kiarabu kizima, cha Riyadh, chenye miguu na mikono. Yule mkwe mwenye tasbihi akaacha kuhesabu.

Wael akacheka. Akasema basi, kwa kuwa bibi huyu anajua sana, tumuulize anayemjua zaidi. Kafili wako nani? Namba yake ngapi? Alitaka kuwaonyesha wakwe kwamba aliyeketi nao kama mgeni ni mtu wa ufagio, na kwamba mtu wa ufagio hana haja, ana zamu. Tena alitaka Selipher aogope.

Selipher alitaja namba, na tarakimu mbili za mwisho akazirudia, Wael asije akakosea.

Simu iliwekwa sauti. Upande wa pili walisikika watoto wakigombania kitu, kisha sauti ya Madam Nouf, mwajiri wa Selipher, ikauliza kuna nini, Selipher ameumia?

Wael alijitambulisha kwa cheo chake chote. Akauliza kama ni kweli Selipher ni mtumishi wake. Ni kweli. Akauliza kama mtumishi huyo amewahi kuketi katika majlisi yoyote. Hajawahi. Wael akawatazama wakwe kama mwanasheria aliyeshinda kesi. Akamalizia: kwa hiyo hajui lolote kuhusu desturi za kahawa, sivyo, Madam?

“Hajui?” alisema Madam Nouf. “Amemimina kahawa kwenye majlisi ya mama mkwe wangu miaka tisa, kila siku baada ya alasiri. Wanawake wa nusu ya Riyadh huja pale na haja zao. Mke wa mwanangu nilimpeleka kwa Selipher akafundishwe kushika dele.”

Watoto walisikika tena. Kisha Madam Nouf akauliza taratibu:

“Kwani ameweka finjani?”

Wael akaisogeza simu mbali na wakwe.

“Nani mwenye nyumba?” akauliza tena Madam Nouf.

Wael, kwa sauti iliyopungua, akalitaja jina la Sheikh Mutaib.

“Basi mwambieni sisi hapa tunangoja kusikia alimjibu nini.”

Simu ikakatwa.

Kando ya meko alisimama Nasri, mtu mzima kutoka Yemen, mmimina kahawa wa majlisi ile, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Yeye alijua tangu mwanzo. Alimwona Selipher akipokea finjani kwa mkono wa kulia, vidole vitatu chini, bila kusema asante, na hivyo ndivyo apokeavyo mtu aliyezoea kutoa. Sasa Nasri aliangalia zulia, masharubu yake yakitikisika.

Hili ndilo kosa la watu wakubwa, nao hulirudia kila kizazi. Hudhani kwamba anayemimina hana macho. Miaka tisa Selipher alisimama nyuma ya wenye haja. Aliwaona wakija kutafuta mchumba, wakija kumrudisha mume, wakija kumwombea mtoto nafasi ya shule. Alijua anayepata na asiyepata wanatofautianaje: anayepata ni yule anayeiweka finjani mbele ya watu ambao mwenye nyumba hathubutu kuaibika mbele yao. Alipoingia leo akawaona wale wanne wa Najd, alikaribia kupiga magoti amshukuru Mungu.

“Sema haja yako,” alisema Sheikh. Kisha haraka, kabla Selipher hajaisema, akaanza kumchagulia. Labda angependa tiketi ya kwenda kumwona mama? Bangili ya dhahabu? Klabu ina roho kubwa.

“Mungu akurefushie umri, Sheikh, bangili sina pa kuivalia,” alisema Selipher. “Nataka msimu mmoja kwa ndugu yangu, kwa mshahara uleule wa mwaka jana. Usiongeze, usipunguze. Na saini iwe leo, ikama iingizwe leo.”

Hakusema tafadhali. Aliwahi kuwaona waliosema tafadhali.

Wael alisahau kamera, akawasahau wakwe, akasahau kila kitu isipokuwa kompyuta yake.

“Sheikh, haiwezekani. Tuliwaahidi wenzetu kwamba mpaka Juni hakuna atakaye...”

Akajiziba mdomo. Lakini maneno hayana breki, yalikwisha fika ukutani na kurudi.

Mwandishi wa televisheni, ambaye tangu asubuhi alikuwa anasinzia kwa tende, alikaa wima. Akauliza, kwa adabu tu, waliahidiana nini na wenzao, na wenzao hao ni akina nani.

Lo, soko lililopoa. Siku sabini na moja watu thelathini na mmoja wanajiuliza kama mabega yao yameoza, kumbe mabwana sita wameketi mahali wakila nyama ya mwanakondoo na kukubaliana kuketi tu bila kusajili mtu. Wanaume wazima. Wenye saa za mikononi zinazotosha kujenga zahanati. Na ujanja wao wote, ukiufungua, ndani unakuta ujanja wa mabibi wa Al-Naseem baada ya Idi, tena mabibi huufanya vizuri zaidi na hawaropoki.

Sheikh Mutaib alikuwa amebanwa pande tatu: kamera mbele, wakwe kulia, finjani katikati. Akachagua alichoweza kukichagua.

“Abshiri,” alimwambia Selipher, akaliongezea sauti neno hilo la kumkubalia ili kamera ilipate. “Haja yako imepita. Wael, lete karatasi.”

Wakwe wakaguna kwa kuridhika. Jackton akafunika uso kwa mikono.

“Na sasa,” alisema Sheikh, “kunywa kahawa yako.”

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo palipokuwa na shimo.

Selipher alikuwa amepanga kila kitu. Alipanga atakaa wapi, ataiweka lini, atasema nini. Alipanga kila kitu isipokuwa koo lake. Mwenye kumimina huona wageni wakiweka na huona wageni wakipata, kisha anarudi jikoni na dele. Hajifikirii akinywa. Katika miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kumpa finjani, na yeye hakuwahi kujiona akiipokea.

Na Selipher si Msabato wa cheti. Alibatizwa mtoni akiwa na miaka kumi na minne, maji ya baridi mpaka kifuani, akaahidi kwa kinywa chake. Chai hanywi, kahawa hanywi. Amemimina mapipa ya kahawa na hajui ladha yake. Mama yao, kila simu, kabla hajauliza hali, huuliza kama bado anaishika ahadi. Hujibu anaishika, na ni kweli. Kati ya vitu vyote alivyokuja navyo kutoka nyumbani, ndicho pekee ambacho hakuna aliyemchukulia.

Alinyoosha mkono. Ukafika kwenye finjani, ukasimama.

Wael aliona. Macho yake yakang'aa kama ya paka aliyesikia mfuniko.

“Hatakunywa,” aliwaambia wakwe. “Niliwaambia. Hawezi. Na asipokunywa, basi haja haikupokelewa na ahadi haipo.”

Aliyekuwa na tasbihi alikunja uso, lakini hakumpinga. Ndivyo ilivyo desturi.

Selipher alimwangalia ndugu yake. Aliyaona yale masanduku mawili. Alimwona mama. Aliona maji ya mto. Akaishika finjani, akaiinua mpaka harufu ya iliki ikamfika puani, na hapo mkono ukakataa kabisa kwenda mbele.

Mkono mwingine ukaja. Mrefu, mwepesi, mkono wa mrushaji. Ukaitwaa finjani vidoleni mwake.

Jackton akanywa.

Hakunywa kama mtu anayekunywa dawa. Alinywa kwa mafunda mawili, akiivuta na hewa kidogo kama wafanyavyo wenyeji, akaihifadhi kidogo chini ya ulimi, akameza. Kisha akaitikisa finjani kushoto na kulia, mara mbili, taratibu, ile ishara ya mtu aliyetosheka, na akainua macho kumtazama Nasri kana kwamba wana mazoea.

Walikuwa na mazoea.

“Leo moja tu?” Nasri aliuliza kwa mshangao wa kweli. “Kwa kawaida huwa tatu.”

Selipher alimgeukia ndugu yake polepole.

“Kwa kawaida?”

“Dada, nitakueleza.”

“Misimu mitatu?”

“Miwili na nusu,” alisema Jackton. “Ilianza na baridi ya Tabuk, tulipokwenda kucheza.”

Wakwe wanne, ambao hawakuelewa Kiswahili hata neno moja, walielewa kila kitu. Ndugu na dada wanafanana dunia nzima. Mwenye tasbihi akacheka mpaka akalishika tumbo, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Yangekwisha vizuri, kama Sheikh Mutaib angekuwa mtu wa kukubali kushindwa na mpiga deki.

Wael alitoka, akarudi na karatasi tatu zenye joto la mashine. Sheikh alizisoma, akatoa kalamu, akaifungua, kisha akaishika juu ya karatasi bila kuishusha. Alipoinua uso, lile tabasamu la meno lilikuwa limerudi.

Akasema yeye ni mtu wa neno lake. Haja imepita na atatia saini. Lakini wageni wake watukufu wameona wenyewe: finjani imewekwa na mmoja, ikanywewa na mwingine. Hilo halijawahi kutokea katika nyumba ya baba yake, na limeiumiza majlisi. Hataki kubwa. Huyu bibi asimame mbele ya watu hawa na mbele ya kamera, aseme alikosea kuiweka finjani, aombe radhi, na papo hapo wino utagusa karatasi. Neno moja, mkataba mmoja. Nani atasema Mutaib ni mgumu?

Hata wakwe walitikisa vichwa kukubali. Ilisikika kama haki.

Jackton alikwisha kumgeukia dada yake. Macho yake yalikuwa yanaomba kabla ya mdomo.

Lakini Selipher hakuwa anatazama uso wa Sheikh. Miaka tisa ya kufuta meza humfundisha mtu kuangalia kilicho juu ya meza. Alisoma karatasi kichwa chini, mstari kwa mstari. Jina la Jackton lilikuwapo. Msimu ulikuwapo. Mstari wa mshahara ulikuwa mweupe.

Akaelewa. Akisema alikosea kuiweka, basi haikuwekwa. Haja haikuwapo, na ahadi imejibu hewa. Kitakachobaki ni Sheikh mwenye huruma aliyemsamehe mtumishi, na huruma hujaza mstari mweupe kwa kiasi inachopenda, ama haijazi kabisa, ikangoja Alhamisi ipite. Radhi moja tu, na nyumba iliyovunjika inajijenga upya mbele ya macho yake, na wachezaji thelathini nyuma ya Jackton wanarudi kutulia.

Hapo simu ya Jackton ikaanza kulia juu ya meza, kando ya finjani tupu.

Mwandishi wa televisheni alikohoa, akaficha yake mfukoni. Ilikuwa dhahiri alichokuwa akikifanya kwa dakika kumi zilizopita. Kwamba Marijani wamemrudisha Jackton, kwamba wenye klabu waliahidiana, dunia nzima ilikwisha kujua.

Jina kwenye kioo lilisomeka kutoka pande zote: Mitende ya Riyadh. Klabu ambayo kwa siku sabini na moja haikujibu hata salamu.

Bado haijafika magharibi, Selipher alijisemea, na nyumba ya pili tayari inapiga simu.

Simu ya Wael ikalia nayo. Kisha ya Sheikh, mfukoni mwa kanzu, ikitetemeka kama mende aliyefunikwa na kikombe. Hakuna aliyepokea. Kalamu ilikuwa bado hewani, na tone la wino lilikuwa linakusanyika kwenye ncha yake.

“Bibi,” alisema Sheikh Mutaib, na sauti yake sasa haikuwa na meno wala macho. “Tunakungoja.”

“Dada, ni neno moja,” Jackton alinong'ona. “Liseme tu. Alhamisi ni keshokutwa. Nakuomba.”

“Wewe nyamaza, mnywa kahawa.”

Selipher akasimama, kama alivyotakiwa. Akanyoosha nguo iliyokunjamana kwa basi la usiku kucha. Akaichukua finjani tupu, akaigeuza mdomo chini, akaiweka juu ya ule mstari mweupe wa mshahara, mahali ambapo kalamu yoyote isingeweza kufika bila kuomba njia. Kamera ikasogea. Wakwe wakainama mbele.

“Finjani niliiweka mimi,” alisema, “na niliiweka nikijua. Siombi radhi.”